Imegusa

Suruali ilikuwa imezidi kwa vidole viwili. Nzula alikuwa amepiga magoti sakafuni, pini tatu mdomoni, akikunja upindo huku mumewe, Mwangangi, amesimama juu ya kigoda kama mtoto anayepimwa sare ya shule. Suti ilinunuliwa na binti yao, Stacy, anayeuza dawa kwenye duka moja la Westlands, na Stacy tangu utotoni anamwona babake mrefu kuliko alivyo.

Suti ilikuwa ya Jumamosi. Saa nane mchana, klabu ya kriketi ya Sunrise iliyo kando ya Forest Road, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka vyumba vyao viwili vya Ngara, ingemwita Mwangangi mbele ya kamati iamue kama jina lake litaandikwa kwenye ubao wa heshima. Wachezaji kumi na mmoja walikuwa wamekubaliwa bila kelele. Jina la Mwangangi lilikuwa limebishaniwa miezi minne mizima, na watu wazima wenye kampuni na zahanati zao walikuwa wamenuniana kwa sababu ya mtu aliyewakatia nyasi.

"Mama Stacy," Mwangangi akasema kutoka kule juu, "mimi siendi."

Nzula hakujibu, maana mtu mwenye pini mdomoni hajibu. Alidhani ni woga tu. Mumewe aliwahi kukimbia hata kamati ya maandalizi ya harusi ya mpwa wake. Akachoma pini ya kwanza, akachoma ya pili.

"Siendi kwa sababu ile hadithi si hivyo."

Nzula akaitoa pini ya tatu mdomoni. "Hadithi gani?"

"Ile unaambianga watu."

Na kweli Nzula alikuwa ameiambia watu. Akina mama wa kanisani waliijua, majirani wa ghorofa zote nne waliijua, na msichana wa M-Pesa pale chini aliijua mara mbili. Kipa wa kriketi, alikuwa akiwaeleza, ni yule anayechuchumaa nyuma ya vijiti vitatu, glavu mikononi, akisubiri mpira unaompita mwenye gongo. Mpira ukiligusa gongo, kipa akaudaka kabla haujafika chini, mwenye gongo ametoka. Ukigusa chini kwanza, hajatoka. Nzula hakujua zaidi ya hayo na hakuhitaji kujua zaidi. Miaka ishirini na sita iliyopita, kwenye fainali, Mwangangi alijirusha akaokota mpira karibu kabisa na nyasi, timu nzima ikaruka juu kushangilia, na refa ambaye hakuona vizuri akamuuliza yeye mwenyewe. Mwangangi akasema imegusa. Imegusa chini. Akawanyima wenzake ushindi kwa mdomo wake, kwa sababu ndiyo ilikuwa kweli. Kwa hadithi hiyo Nzula alimlea Stacy. Kila mtoto aliposema uongo kuhusu sukari au daftari, aliambiwa wewe ni binti ya mtu wa ukweli, huoni haya?

Mwangangi akashuka kwenye kigoda, suruali imekunjwa mguu mmoja.

"Nilidaka," akasema. "Ilikuwa safi kabisa. Haikugusa chini."

"Si ni wewe ulisema imegusa?"

"Nilisema imegusa. Imegusa bat. Gurjit, yule mwenye gongo wa timu ile ingine, alikuwa amesimama tu hapo kama hajafanya kitu, nikadhani refa anauliza kama aliigonga. Nikamwambia imegusa. Yeye akasikia imegusa chini."

Nzula akabaki pale pale sakafuni. Neno moja tu. Mwalimu wa Kiswahili angemsahihisha kwamba mpira umegusa, lakini hata mwalimu asingeokoa kitu, kwa sababu kugusa ni kugusa, na neno halikusema limegusa nini.

"Kwa hivyo wewe si mtu wa ukweli," akasema polepole.

"Sikuwahi kusema mimi ni mtu wa ukweli. Ni wao walisema."

Hapo hasira zikampanda Nzula, hasira za kweli, za mtu aliyegundua kwamba nguzo ya nyumba yake ni bua la mahindi. Alimuuliza kwa nini hakufungua mdomo siku ile ile. Mwangangi akakaa kitandani, akavitazama vidole vyake. Vilikuwa vimepinda kila kimoja upande wake, kwa kuvunjwa na mipira misimu kumi na minane. Alieleza kwamba refa alikuwa ameshaamua, uwanja mzima ukaanza kupiga makofi, kisha Bwana Gurjit mwenyewe akaja mpaka kwake, akavua glavu, akampa mkono mbele ya watu. Hakuna mchezaji aliyewahi kumpa mkono. Yeye alikuwa mtu wa kuviringisha roller, lile gogo la chuma la kusawazishia uwanja, aliyeingizwa timuni kwa sababu siku moja kipa wao alikosa kuja.

"Na wewe ulikuwa kwake wiki tatu," akamalizia. "Hata hawajaamua kama utabaki. Ningesema nini?"

Nzula alikumbuka vizuri sana. Alikuwa mfanyakazi wa majaribio nyumbani kwa Bwana Gurjit, Kitisuru, akilala na begi limefungwa kwa sababu aliyemtangulia alifukuzwa siku ya kumi. Jumatatu baada ya fainali, mama mwenye nyumba, Urvashi, alimwita sebuleni akamuuliza kama ni kweli yeye ndiye mke wa yule kipa. Alipoitikia, akakabidhiwa funguo za stoo. Alizishika miaka kumi na tisa. Stacy alisomeshwa na funguo hizo.

Na jambo jingine likamjia, ambalo mpaka siku hiyo hakuwa ameliona. Baada ya fainali ile Mwangangi hakucheza tena. Alimwambia ni magoti.

"Ilikuwa magoti?" akauliza.

"Ilikuwa Bwana Tarsem," akasema Mwangangi. Tarsem ndiye aliyekuwa nahodha. Alisimama karibu naye kabisa siku ile, akaona mpira ukiingia kwenye glavu. Jumapili iliyofuata glavu zilipewa mtu mwingine, na Mwangangi akaambiwa roller inamtosha.

Nzula alishona upindo wote. Alipomaliza alikata uzi kwa meno na kutoa uamuzi. Ataenda. Atakaa. Akiulizwa, ataitikia kwa kichwa, na kichwa hakijawahi kufungwa jela kwa kusema uongo. Wangapi wanasifiwa kwa mambo ambayo hawakufanya? Yeye angalau alidaka mipira misimu kumi na minane, na kama hawataki kumwandika kwa ile mingine, wamwandike kwa ule mmoja wa fainali. Mwangangi hakubisha. Katika nyumba hiyo kimya chake kilihesabiwa kuwa ndiyo.

Jumamosi, mlinzi wa lango alikuwa Kisilu, aliyefanya kazi na Mwangangi miaka tisa na kula naye githeri kwenye sufuria moja. Alimpa salamu kwa mikono miwili, kisha akakohoa, akasogeza kitabu cha wageni. Ni sheria, mzee, akasema bila kumtazama. Mwangangi akaandika jina, namba ya kitambulisho, na pale palipouliza anakwenda kumwona nani, akafikiri kidogo, akaandika: kamati. Walipovuka maegesho ya magari miguu yake ilianza kuelekea mlango wa jikoni, njia aliyoizoea. Nzula akamvuta mkono wa koti, wakapanda ngazi za mbele.

Ukumbi ulinukia nta ya sakafu. Ubao wa heshima ulikuwa ukutani, umefunikwa kitambaa cha kijani. Wanakamati saba walikaa kwenye viti vya ngozi, na mhudumu akaleta viti viwili vya plastiki kwa ajili ya Mwangangi na mkewe, akaviweka karibu na mlango. Nzula akaketi, mkoba magotini. Mwenyekiti alikuwa Manjit, mwanamke wakili wa miaka arobaini na kitu, mkarimu, ambaye utotoni aliwahi kuokotewa mipira na Mwangangi. Aliwakaribisha kwa Kiswahili, akawaombea chai, kisha mjadala ukaendelea kwa Kiingereza kana kwamba wageni wametoka nje.

Nzula alikuwa ameishi miaka kumi na tisa katika nyumba ya watu wanaodhani haelewi, kwa hivyo alielewa yote. Mmoja alisema kipa hana sifa yake mwenyewe, mpira hurushwa na mwingine, yeye anasubiri tu, na kazi yake haionekani mpaka siku aangushe. Mwingine akajibu kwamba hiyo ndiyo sababu ya kumheshimu, kwa sababu katika misimu kumi na minane hakuna aliyekumbuka siku ameangusha. Kisha akazungumza Daktari Mwanzia wa Lavington, mtu wa kwao kabisa, ambaye nyumbani kwa mamake na nyumbani kwa kina Nzula wanateka maji mto mmoja. Yeye alisema kwa sauti ya upole kwamba ubao ni wa wanachama, mzee huyu alikuwa kwenye mshahara, na ukifungua mlango huo hutajua pa kuufungia. Aliongea akitazama dirisha. Nzula alimtazama yeye tu, mpaka akamaliza.

Halafu mgeni wa heshima akapewa nafasi. Bwana Gurjit alikuwa amezeeka, ndevu zake zimekuwa nyeupe pepepe, lakini sauti ilikuwa ile ile iliyokuwa ikiulizia shati la bluu asubuhi. Akamwamkia Nzula kwanza, kisha akazungumza Kiswahili ili wageni wasikie. Alisema amecheza nchi sita na hajaona kitu kama kile. Mtu hana cheo, ana nahodha wake pembeni, ana kikombe mkononi, na anasema kweli. "Kama ubao yenu haina jina ya mtu kama huyu," akasema, "basi hiyo ni mbao tu." Aliketi, na wawili watatu wakapiga makofi.

Bwana Tarsem hakupiga. Alikuwa kwenye kona, miaka sabini na minne, mkono kwenye fimbo, na tangu mwanzo hakuwa amesema lolote.

"Uliza bibi yake," akasema. "Ile mwaka alikuwa anafanya kazi wapi."

Manjit akamkanya, akasema hilo haliko kwenye ajenda. Lakini vichwa vilikuwa vimeshageuka. Nzula akahisi joto likimpanda kutoka shingoni mpaka masikioni. Alikuwa amekuja na maneno ya watu wa kanisani, na hadithi yake nzuri, na nguo yake ya Pasaka, na kumbe katika chumba hiki miaka yote hiyo yeye ndiye aliyekuwa bei. Walidhani mchezo ulinunuliwa kwa kazi yake ya kuosha vyombo. Mwangangi alikuwa ameinamisha kichwa, tayari kuitikia kama alivyoagizwa, na Nzula akaona wazi kwamba kichwa hicho kikiitikia, nusu ya chumba itamwita mume wake mwaminifu na nusu itamwita aliyenunuliwa, na hakuna hata mmoja atakayekuwa anamzungumzia Mwangangi mwenyewe.

Akasimama. Mkoba ukaanguka, akauacha.

"Nilikuwa kwa Bwana Gurjit, Kitisuru," akasema. "Wiki tatu. Na hakuna mtu alinunuliwa." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Stacy, waambie vile uliniambia."

Mwangangi alimtazama kwa muda, kama mtu anayehakikisha amesikia sawa. Akainuka. Aliwaambia kwa maneno machache, bila kujitetea, kama mtu anayeripoti bomba limepasuka uwanjani: refa aliuliza, yeye alimaanisha gongo, refa akasikia chini, watu wakapiga makofi, naye akanyamaza.

"Kwa hivyo uliudaka," akasema Manjit.

"Nilidaka."

"Na ukajua wamekuelewa vibaya, ukanyamaza."

"Nilinyamaza, madam. Siku ya kwanza niliogopa. Siku ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza. Ikaendelea hivyo."

 Bwana Gurjit alikuwa akitikisa kichwa polepole. Siku ile, baada ya kuachwa na refa, alipiga mpaka mwisho na kuipatia klabu yake kikombe, na picha yake akiinua gongo ilining'inia sebuleni Kitisuru. Nzula aliipangusa vumbi kila Ijumaa. "Basi nilikuwa nimetoka," Gurjit akasema, si kwa hasira, bali kama mzee aliyeambiwa kwamba tarehe yake ya kuzaliwa iliandikwa makosa. Nzula alimwonea huruma. Hakujua aweke wapi macho.

"Mkono gani?" Ni Tarsem aliyeuliza.

"Kushoto," akasema Mwangangi.

"Kushoto." Tarsem akasimama kwa kuegemea fimbo. "Vidole chini ya mpira, hivi. Nyasi iko hapa, mpira iko hapa. Niliona. Miaka ishirini na sita nasema niliona, na nyinyi mnaniambia, Tarsem, wachana nayo, macho yako ni mbaya." Akapumua. Akawaambia wenzake waitupe ile hadithi ya uaminifu, maana mtu hakuwa mwaminifu na hakuwa mwizi, alikuwa kipa aliyeogopa. Na akiulizwa nani alimfanya aogope, atajibu ni yeye Tarsem, aliyekuwa akimwita mwanamume mwenye mke na mtoto "wewe kijana", na kumpigia mluzi akitaka roller. "Weka jina yake," akasema. "Kwa sababu alidaka."

Wakapiga kura kwa kuinua mikono. Waliosema aandikwe walikuwa watatu. Waliokataa walikuwa wanne, na mkono wa mwisho kupanda, polepole, ukiwa umekunjwa kiwiko, ulikuwa wa Daktari Mwanzia. Manjit akasoma matokeo kwa sauti ya chini, akamshukuru Mzee Mwangangi kwa utumishi wake mrefu. Mtu akasema, kwa kutaka kupunguza uzito, kwamba majina kumi na moja si mabaya, ni timu kamili.  Chai waliyoombewa ikafika wakati wanainuka.

Tarsem aliwafuata mpaka maegesho, akitembea haraka kuliko magoti yake yalivyotaka. Alisimama mbele ya Mwangangi.

"Ungeniambia," Tarsem akasema.

"Ungenisikia?"

Tarsem akafikiri. Alikuwa mtu mgumu lakini hakuwa mwongo. "Hapana," akajibu. Akamshika Mwangangi mkono, ule wa kushoto, akaugeuza kiganja juu na kuvitazama vile vidole vilivyopinda. "Mimi nimecheza miaka thelathini," akasema. "Hakuna kipa amedaka kama ile." Akauachilia, akarudi ndani.

Walitoka langoni, Kisilu akawasaini kwamba wameondoka. Nzula alikuwa akisubiri mumewe aonyeshe uchungu ili apate namna ya kumtuliza. Alikuwa na uchungu wake mwenyewe, tena mwingi: kesho kanisani wataulizwa, na Stacy alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Lakini Mwangangi alikuwa akitembea na Forest Road kifua mbele, midomo ikimcheza.

"Unacheka nini?"

"Sicheki. Umemsikia Tarsem?"

"Nimemsikia."

"Hakuna kipa amedaka kama ile," akarudia, neno kwa neno. "Na ni Tarsem, mama. Huyo hasifu hata chapati ya bibi yake."

Hapo ndipo ilipomuuma Nzula kuliko kura, kuliko viti vya plastiki. Mtu huyu alikuwa amefanya kitu kimoja kikubwa maishani mwake, kikubwa kwelikweli, na ilibidi akikane siku ile ile, akavumilia kusifiwa kwa kile ambacho hakufanya. Miaka ishirini na sita hakuwa na wa kumsimulia. Hata mkewe alikuwa akimzunguka na hadithi nyingine, akiisimulia kwa sauti kubwa mbele yake. Na yeye Nzula, ambaye Jumapili zote za mechi alikuwa kanisani au kazini, hakuwa amemwona akidaka hata mpira mmoja.

Akasimama palepale, kando ya mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi.

"Nionyeshe," akasema.

"Nini?"

"Vile ulidaka."

"Hapa?"

"Hapa, Baba Stacy. Leta koti nikushikie."

Mwangangi akatazama juu na chini ya barabara, watu wakipita na mizigo yao, pikipiki zikipiga honi. Kisha akavua koti. Alimwambia mama wa mahindi, samahani, wewe uwe Tarsem, kaa hapo hapo, na mama wa mahindi akasema hana pa kwenda. Alimweka Nzula mbele kidogo, akamwambia yeye ni Gurjit na mwavuli wake ndio gongo. Refa ni ule mlingoti wa taa. Nzula akauliza refa akikubali kwamba mtu ametoka, anafanyaje, anapuliza kipenga? Mwangangi akasema hapana, hakuna kipenga kwenye kriketi, anainua kidole kimoja tu juu.

Akachuchumaa. Magoti yalilia, lakini mgongo ukanyooka, mikono ikaja mbele, na Nzula akaona mtu ambaye hakuwahi kumjua, mtu mwepesi, macho yameng'ang'ania kitu kisichokuwepo.

"Inakuja nje ya vijiti, haraka," akasema kwa sauti ya chini. "Gurjit ananyoosha. Inagusa kidogo tu, kama ukucha. Inabadilisha njia. Mimi nilikuwa nishaanza kwenda kulia."

Akajirusha kushoto. Hakuruka kama kijana, aliangukia goti na nyonga kwenye kando ya barabara, lakini mkono wa kushoto ulikwenda mbali, chini kabisa, kiganja juu, na ukafungika nafasi ya vidole viwili tu kutoka kwenye saruji. Mama wa mahindi akasema, ai. Mwangangi akabaki pale chini, ngumi imeshikilia, akimtazama mkewe huku akihema.

Nzula akaliweka koti begani. Akautazama ule mkono vizuri, kwa makini, kama mtu aliyepewa kazi ya kuamua. Kisha akainua kidole.